Maswali na majibu: Kihindi cha Yunikodi kikilazimika kurudi kwenye Kruti Dev

Toleo lililopita niliitaja Kruti Dev kwa mstari mmoja, nikidhani haimhusu mtu huku kwetu. Barua zilizofuata zimenisuta. Kwa asiyeijua, ni fonti ya Kihindi ya enzi za kabla ya Yunikodi (mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi nambari yake), na mpaka leo wachapaji, majarida na ofisi nyingi za India kaskazini hawataki kupokea kazi isipokuwa imeandikwa kwayo. Nimechagua barua saba.

Shikamoo fundi. Niko duka la uchapaji, Dar es Salaam. Mteja kaleta maneno ya Kihindi kwenye Word, yanasomeka vizuri. Nikiyachagua na kuweka Kruti Dev, hayabadiliki hata kidogo. Nikiyabandika kwenye PageMaker, programu ya kupanga kurasa, zinatoka alama za kuuliza tupu. Fonti yangu mbovu?

Marahaba. Fonti ni nzima, ila umeitaka ifanye kazi isiyo yake. Ndani ya Kruti Dev hakuna Kihindi. Kuna herufi zetu hizi hizi za Kilatini zilizovalishwa sura za Kihindi: penye d pamechorwa क, penye j pamechorwa र, penye k pamechorwa kile kijiti cha irabu “aa”. Mhindi akiandika नाम, yaani “jina”, kwa Kruti Dev, kompyuta imehifadhi uke. Ukiiondoa fonti, uke ndiyo utakayoiona.

Yunikodi imeipa क nambari yake yenyewe, U+0915, ndani ya fungu la Devanagari, yaani mwandiko wa Kihindi, linaloanzia U+0900 hadi U+097F. Word inaitafuta nambari hiyo kwenye Kruti Dev, haiikuti, inaazima fonti nyingine kama Mangal kimyakimya. Ndiyo maana unaona hakuna kilichobadilika. PageMaker ni ya zamani, haijui kuazima, inakutupia alama ya kuuliza. Unachohitaji ni kigeuzi, programu ya kuyaandika maneno upya kwa misimbo ya Kruti Dev. Vipo vingi mtandaoni vya bure. Ukishageuza, bandika, ndipo uweke fonti.

Mimi ni mtu wa kompyuta, Nairobi. Nimetengeneza makro ya kutafuta na kubadilisha: क iwe d, ग iwe x, na kuendelea. Maneno mengi yanatoka sawa, mengine yanavurugika vibaya. Nimekosea wapi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Yunikodi huhifadhi sauti kwa mpangilio wa kutamka. Kruti Dev huhifadhi maumbo kwa mpangilio wa macho, kushoto kwenda kulia, kama alivyokuwa akigonga mpiga chapa wa mashine ya Remington. Mara nyingi mipangilio hiyo miwili inalingana, ndiyo maana makro yako ilikudanganya mwanzoni.

Chukua neno हिन्दी. Irabu fupi ya “i” hutamkwa baada ya “h”, na Yunikodi inaiweka baada yake. Lakini kwenye karatasi umbo lake husimama mbele ya “h”. Kruti Dev inafuata karatasi: fgUnh. Hiyo f ya mwanzo ndiyo irabu, g ndiyo “h”, U ni “n” nusu, kisha “d” na “ii”. Kwa hiyo kila ukikuta ि, inabidi uirudishe nyuma.

Irudi nyuma hatua ngapi? Wengi hujibu moja, na hapo ndipo wanapoangukia. Tazama स्थिति, yaani “hali”. “S” na “th” zimeungana, na irabu lazima iziruke zote mbili: fLFkfr. Makro inayoruka konsonanti moja itaipachika katikati ya muungano, na msomaji wa Kihindi ataona neno lililovunjika kiuno. Kanuni ni kwamba uendelee kurudi nyuma maadamu unakutana na konsonanti yenye ् inayoifunga kwenye ile iliyo mbele yake.

“R” nayo ina vituko kinyume na hivyo. Katika jina शर्मा, “r” hutamkwa kabla ya “m”, lakini huandikwa kama ndoano ndogo juu, na Kruti Dev huigonga mwisho kabisa, baada ya irabu: 'kekZ. Ile Z ndiyo “r”. Imetoka katikati ya neno ikaenda kukaa mkiani.

Tena anza na makundi marefu. Ukibadilisha क kuwa d kabla ya kushughulikia क्ष, ambayo ina umbo lake peke yake na huandikwa {k, umeshaliua kundi. Vivyo hivyo “k” nusu ni D kubwa, basi itafute kabla ya “k” nzima.

Mwisho, nukta. Herufi ड़ huweza kuja kama nambari moja, U+095C, au kama mbili, ड na nukta yake U+093C. Kwa macho hutaona tofauti. Makro inayojua aina moja tu itaiacha ya pili bila kuigusa. Zifanye zote ziwe za aina moja kwanza, kisha geuza: लड़का, “mvulana”, inatakiwa itoke yM+dk.

Fundi, nimegeuza kadi ya harusi, herufi zote safi, lakini nikirekebisha kitu kidogo kwa mkono yanatokea mambo ya ajabu. Kwa nini?

Pole, najua unapopita. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niligeuza kadi, ikatoka vizuri, mteja akaikubali. Jioni akapiga simu: ibada imesogezwa, si saa tatu tena, ni 10:30. Nikafungua CorelDRAW, nikafuta saa ya zamani, nikaandika 10:30 moja kwa moja, nikachapa nakala mia mbili. Kesho yake mama wa bibi harusi ananiuliza hii 10रू30 ndiyo saa ngapi.

Kwenye Kruti Dev kitufe cha nukta mbili kimepewa “ruu”. Nukta mbili zenyewe zimehamia kwenye %. Alama nyingi za uandishi zimehamishwa hivyo hivyo, kwa sababu vitufe vyake vilihitajika kwa herufi. Koma ukiigonga inatoka ए, koma ya kweli iko kwenye ]. Nukta ya kawaida ni nusu ya ण. Mabano ni ¼ na ½. Kituo cha Kihindi, kile kijiti cha mwisho wa sentensi, ni A kubwa. Tarakimu 0 hadi 9 zinabaki zetu, na ndizo zilizonipumbaza: nilipoona 10 na 30 ziko sawa, jicho likapita.

Siku hizi sirekebishi chochote ndani ya Kruti Dev. Narudi kwenye faili la Yunikodi, nasahihisha, nageuza upya, nabandika upya. Inachukua dakika mbili, na kadi mia mbili nilizilipia mimi.

Nikiandika Kruti Dev kwenye Word, herufi ya kwanza ya sentensi inabadilika yenyewe. Word ina ugomvi na Wahindi?

Word inadhani unaandika Kiingereza. Unaandika d, inaona sentensi imeanza, inaikuza iwe D, na “k” yako nzima imekuwa nusu. Ukiacha i peke yake inaifanya I, nayo ni “p” nusu. Alama ya ' inaipindisha ili ipendeze. Sisi tukiandika ng'ombe alama ikapinda, ng'ombe bado ni ng'ombe. Kwenye Kruti Dev alama hiyo ni nusu ya herufi “sh”, na ile iliyopinda ni msimbo mwingine kabisa. Zima masahihisho yote ya kujiendesha kabla hujabandika chochote.

Nasoma shahada ya uzamili India. Jarida moja la Kihindi linataka makala kwa Kruti Dev 010. Makala yangu yana majina ya Kiingereza na barua pepe. Nifanyeje?

Dada, andika yote kwa Yunikodi kwanza, kagua tahajia, mpe msimamizi wako asome, na ugeuze siku ya kutuma. Baada ya kugeuza huwezi tena kukagua tahajia wala kutafuta neno, maana kompyuta itakuwa inaona uke na jke.

Sehemu za Kilatini ziache nje ya kigeuzi, kisha uzirudishie fonti ya kawaida moja moja. Ukisahau, neno email likivalishwa Kruti Dev litasomeka मउंपस, yaani “ma-un-pa-sa”, lisilo na maana yoyote. Si jambo la kubuni, neno hilo limeshawahi kuzagaa kwenye kurasa za Kihindi zilizogeuzwa kwa haraka.

Kama una alama ya rupia ₹, iondoe. Ilipitishwa mwaka 2010, na fonti ya zamani haina kiti chake, andika रु. kama zamani. Angalia pia kama hakuna vijisanduku vidogo katikati ya maneno: hizo ni alama zisizoonekana za Yunikodi, hasa U+200D, ambazo baadhi ya vigeuzi huziruka. Zifute. Halafu tuma na PDF iliyotoka kwenye faili la Yunikodi, ili mhariri awe na cha kulinganisha.

Na iwapo hujachapishwa bado na makala ni ya siri, tafuta kigeuzi kinachofanya kazi hata ukikata intaneti.

Hivi kwa nini walijitakia taabu hii?

Hawakujitakia. Kiswahili kimebahatika tu: herufi zetu zote zilikuwamo tayari kwenye kompyuta ya Mmarekani. Fonti ya zama zile ilikuwa na nafasi 256, na si zote zinazotumika. Kihindi kina konsonanti nzima, konsonanti nusu, miungano, na irabu zinazokaa juu, chini, mbele na nyuma. Toleo la kwanza la Yunikodi lilitoka 1991, lakini kuwa na nambari si sawa na kuwa na kompyuta inayojua kuzipanga. Mangal ilikuja na Windows 2000. Magazeti hayakuweza kusubiri muda wote huo. Walichukua walichokuwa nacho, mpangilio wa Remington ambao wapiga chapa tayari walikuwa nao vidoleni, wakauchora juu ya herufi za Kilatini. Mimi nauita ufundi mzuri. Kinachoniudhi ni wahariri wa leo, wenye programu mpya zinazopokea Yunikodi bila shida, bado wanadai Kruti Dev kwa sababu kiolezo cha ukurasa kilitengenezwa hivyo zamani. Hata vidole vya Remington si kisingizio, kwani kuna kibodi ya mpangilio huo huo inayoandika Yunikodi moja kwa moja.

Familia yetu ni ya Kigujarati, Mombasa. Tunaweza kutumia kigeuzi hicho? Na binamu yetu ametumiwa faili kutoka Nepal, limejaa vitu kama g]kfn.

Kigujarati hapana. Kina mwandiko wake na fungu lake la Yunikodi, kuanzia U+0A80, na fonti zake za zamani ni nyingine kabisa. Ulizeni mchapaji anatumia ipi kwa jina lake kamili.

Hilo la Nepal ni Preeti, fonti ya zamani ya Kinepali. Mwandiko ni ule ule wa Devanagari, lakini vitufe vimepangwa tofauti: g]kfn ni नेपाल, Nepal yenyewe. Kwa Kruti Dev neno hilo hilo lingekuwa usiky. Ukipewa faili la vurugu, tafuta neno unalojua lazima limo, jina la nchi au la mji, uone limeandikwaje. Mwambie binamu atafute kigeuzi cha Preeti. Akitumia cha Kruti Dev atapata Devanagari safi kabisa ambayo hakuna Mnepali atakayeielewa.