Maswali Yenu: Kwenda Bukoba bila basi

SWALI: Ugonjwa wa virusi wa Marburg ulipotokea Biharamulo, mkoani Kagera, Januari 2025, kazini walituzuia kupanda mabasi ya kwenda Kagera. Sasa imekuwa sheria: kukiwa na mlipuko, unaendesha gari la ofisi peke yako. Nigaweje safari? – Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza omba dereva wa pili. Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, si kwa hewa. Usingizi kwenye usukani ndio utakaokuangusha mapema zaidi.

Dar hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Lala Dodoma, kisha Kahama. Ondoka saa kumi alfajiri, upite Kibaha na Chalinze kabla malori hayajajaa barabarani. Kila saa mbili simama dakika 15, ushuke utembee. Ukianza kusahau kilomita chache ulizopita, kahawa haitoshi: egesha kituo cha mafuta, ulale dakika 20.

Usukani, gia na vitasa vifute kwa jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji sita, glavu mkononi na milango wazi. Iache dakika 10, kisha futa kwa maji, la sivyo plastiki hubabuka. Mchanganyiko wa jana mwaga, nguvu imeisha. Mikono ni maji na sabuni tu.

Ukirudi, pima joto asubuhi na jioni kwa siku 21. Likifika nyuzi 38, usiendeshe kwenda hospitali. Piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure.