Maswali Yenu: Theluji Imewahi, Tufanyeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, zimeanguka sentimita 30 kabla miti haijamaliza kupukutisha majani. Nimeshika koleo nusu saa tu, mgongo umekaza. Katikati ya baridi iliyopita nilifanya kazi hiyo saa nzima bila shida. Kulikoni?

JIBU: Kilichokuchosha ni maji. Theluji ya mwanzo wa msimu huanguka hewa ikiwa karibu na nyuzi 0 za selsiasi, ikiwa imelowa. Theluji mpya iliyo kavu huwa na kilo 50 hadi 100 katika mita moja ya ujazo. Hii ya majimaji hufika 300, wakati mwingine zaidi. Koleo la upana wa sentimita 45 na urefu wa 35, likijazwa kimo cha 15, hubeba karibu lita 24. Kavu, hizo ni kama kilo 2. Iliyolowa, ni kilo 7.

Ipime kwa mkono. Finya konzi moja. Ikishikamana kama tonge na kiganja kikalowa, chota nusu koleo, na pale unapoweza kusukuma usiinue. Usingoje iishe kuanguka: toka kila zinapofika sentimita 10 au 15. Paka koleo nta ya mshumaa kwanza, maana theluji ya namna hii hung'ang'ania, nawe unajikuta unainua mzigo uleule mara mbili. Unapotupa, geuza miguu, usizungushe kiuno. Kwaruza hadi chini kabisa, kwa sababu ardhi bado ina joto na hufanya rojo ambalo usiku huganda likawa barafu.

Jambo moja tunakuomba usilipuuze. Baridi hubana mishipa ya damu wakati uleule kazi inapoupandisha moyo mapigo. Mwenye ugonjwa wa moyo amwachie mwingine koleo. Ukisikia kifua kubana, au maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, acha hapo hapo na uite gari la wagonjwa.

SWALI: Kila nikimaliza kusafisha njia ya gari, greda linalosukuma theluji barabarani linapita na kuniachia tuta mlangoni. Kuna dawa?

JIBU: Kulizuia lote huwezi, ila unaweza kulipunguza sana. Simama mwisho wa njia yako, uso barabarani. Magari yakitembea upande wa kulia, greda hutokea kushotoni kwako. Safisha kipande cha ukingo wa barabara huko kushoto, kama mita 3, ili greda litue mzigo wake hapo kabla halijafika kwako. Theluji yako yote itupe kulia. Ukiitupa kushoto, greda litakurudishia. Wanakotembea kushoto, geuza maelekezo.

SWALI: Boila yetu ya gesi inayopasha nyumba joto imejizima usiku wa dhoruba. Fundi hawezi kufika. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzieni nje. Boila nyingi za kisasa huvuta hewa na kutoa moshi kwa mabomba ya plastiki yaliyo chini ubavuni mwa nyumba, na upepo hurundika theluji papo hapo. Mdomo ukiziba, boila isiyo na hitilafu hujizima. Mbovu inaweza kuendelea kuwaka na kurudisha kaboni monoksaidi ndani, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Fukueni mita moja kuzunguka bomba, na karibu na mdomo tumieni mikono, kwani plastiki yenye baridi hupasuka kwa pigo la koleo. Mkiwa na kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, au king'ora kikilia, tokeni wote kwanza, simu ya uokoaji pigeni mkiwa nje.

Gari nalo ni hivyo hivyo: fukua ekzosi kabla ya kuwasha injini. Jenereta likae angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani, kamwe si barazani.

SWALI: Nimemwaga chumvi ndoo nzima na barafu iko palepale.

JIBU: Chumvi ya kawaida huishiwa nguvu ya kuyeyusha barafu chini ya nyuzi 9 hasi, hapo mwaga mchanga, upate angalau pa kukanyaga. Kukiwa na joto kidogo, ondoa theluji kwanza, kisha tawanya chembe ziachane. Gramu 350 hutosha njia ya gari ya mita 6. Zinazobaki kavu juu ya lami zifagie uzitumie tena.