Poti, poti, poti: maswali yenu na majibu yangu

Karibu kila ujumbe niliopata unauliza nifungue poti gani, yaani mlango gani wa rauta wa kuingilia kutoka intaneti, ni kama mmetumana. Nimechukua machache.

*Nimenunua balbu na soketi za smart, nataka kuziwasha nikiwa kazini. Nifungue poti gani kwa rauta? (Kiamunyi, Nakuru)*

Hakuna. Balbu yenyewe ndiyo inatoka kutafuta seva ya kampuni yake na simu yako inafanya hivyo hivyo, zinakutana huko. Rauta haina shida na anayetoka. Kama inakataa kuunganika cheki wifi, balbu nyingi za bei rahisi zinajua 2.4GHz tu, ukiwa umewasha 5GHz pekee haitaiona milele.

*Fundi alituwekea kamera nne dukani, akafungua poti 80, 554 na 8000, paswadi ni admin na 12345. Nikiwa ushago naona kila kitu poa. Iko shida? (Kondele, Kisumu)*

Iko, na si wewe peke yako unaona poa. Kuna kitu kinaitwa Shodan, tangu 2009 kinazunguka intaneti nzima kikiandika vifaa vyote vilivyoachwa wazi, mtu anatafuta tu kamera za mji fulani analetewa. 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta kibao kwa kujaribu tu paswadi za kiwandani kama hiyo yako, Oktoba vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwa tovuti, hadi Twitter na Netflix zikayumba huko Marekani. Na usiniambie utaweka paswadi ngumu basi yaishe, 2021 Hikvision, watengenezaji wa kamera, walilazimika kuziba tundu ambalo mshambuliaji hakuhitaji paswadi yoyote, alihitaji tu kuifikia kamera. Kuifikia ndiyo hiyo poti fundi alikufungulia.

Kwa hivyo leo jioni ukifunga duka: ingia kwa rauta, nyingi ni 192.168.1.1, tafuta palipoandikwa Port Forwarding au Virtual Server, futa hizo tatu. Zima UPnP, hiyo inaacha kifaa kijifungulie poti bila kukuuliza. Badilisha paswadi ya DVR (kile kisanduku kinarekodi kamera) na ya rauta, weka famwea mpya, yaani programu ya ndani ya kifaa. Halafu chukua apu ya kampuni ya DVR uskani nayo ile QR iko kwa menyu ya DVR, utaendelea kuona duka bila poti hata moja. Fundi anaijua hiyo njia, ni vile hii ingine ameizoea na hakuna mteja humuuliza.

*Nimefungua poti vizuri kabisa lakini nikipima inasema imefungwa. Natumia rauta ya 4G. (Bungoma)*

Nimejibu hii mpaka nimechoka. Angalia WAN IP ndani ya rauta (anwani yake upande wa intaneti), ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na mlango unaofungua hauko barabarani. Hakuna cha kufungua. Weka Tailscale, apu ya kuunganisha simu na nyumbani bila kufungua poti, uendelee na maisha.

*Nikiweka DVR kwa DMZ si hii stori ya poti inaisha? (Kakamega)*

Inaisha, umefungua zote 65,535.

*Nina Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya smart) kwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo. Badala ya 8123 yake ya kawaida nimefungua 50123 ndio wasinipate. Niko sawa? (Section 58, Nakuru)*

Wanaskani zote bana, namba kubwa inawachelewesha kidogo tu. Kama laini yako iko na IP ya umma weka WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia nyumbani), hiyo inataka poti moja ya UDP na haimjibu mtu asiye na ufunguo, mwenye kuskani haoni kitu. Hiyo ndiyo poti pekee nitakukubalia.

*Stima ikipotea kamera hazionekani kwa simu. Ni poti? (Mamboleo, Kisumu)*

Ni stima. Nunua UPS ndogo ya rauta na ingine ya DVR, na usome volti nyuma ya adapta kabla hujalipa.