Kifaa cha kuongozea skrubu za mgongo, anayeuliza wa Masasi

Dada, umeuliza kama hicho kifaa cha kompyuta alichotajiwa mdogo wako mwenye mgongo uliopinda kinamfanyia oparesheni chenyewe. Hapana, anayepasua ni daktari, kifaa kinamwonyesha tu wapi pa kutoboa.

Iko hivi, anapigwa CT scan, ile picha inageuzwa na kompyuta iwe mfano wa pingili zake mwenyewe, sio za mtu mwingine, daktari anapanga kila skrubu ya kushikilia mgongo iingilie wapi na iende kina gani, halafu kinachapishwa kwa printa ya 3D kifaa cha plastiki chenye matundu kinachokaa juu ya mfupa wake kama meno bandia kwenye fizi. Na hapo ndo faida ilipo, maana ile sehemu ya mfupa inayopitisha skrubu kwenye pingili za kifuani inaweza kuwa na milimita 4 au 5 tu, uti wenyewe, ule wa mishipa ya fahamu, uko pembeni hapo hapo, na mgongo ukishapinda pingili zinajizungusha kwahiyo kukisia kwa macho ni kazi kwelikweli.

Ila nyama isipokwanguliwa vizuri kwenye mfupa kifaa hakikai sawa, kisipokaa kinaelekeza pabaya. Ndo maana bado wanahakikisha kwa eksirei humohumo chumbani.

Kabla hamjapanda basi la Dar kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, pigeni simu muulize kama wanacho kwa sasa, na picha zote alizopigwa Mtwara mwende nazo kwenye CD, karatasi ya majibu peke yake haitoshi.