Kilo 40 za mchicha mkavu zilivyonirudia

Juzi mdada mmoja kanitumia meseji, "dada nataka kuanza kukausha mboga kama wewe, nianzie wapi?" Nikacheka kwanza. Niko Bunju, makaushio yangu matatu ya jua yapo nyuma ya nyumba, na pakiti zangu zilikuwa na lebo ya kijani ASILIA HAINA KEMIKALI. Nani alipima? Hakuna, niliona tu inapendeza.

Basi nikapata oda kilo 40, mnunuzi anapeleka nje, jamani wiki ile sikulala, nanunua mchicha kwa kijana mmoja wa bondeni, naosha maji ya chumvi mara tatu, nakausha mpaka unavunjika kama chipsi. Mnunuzi akapeleka sampo maabara. Akapiga simu: mabaki ya dawa ya wadudu yamezidi, njoo uchukue mzigo wako. Na kirikuu nikalipa mimi.

Nikashuka bondeni na hasira zangu. Kijana wala hakuficha, chupa ya profenofosi, dawa ya wadudu, ipo pembeni ya tuta, lebo ina matope, ukiifuta unasoma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na mchicha hata haujatajwa. Anapimia kifuniko, "viwili kwa bomba la kupulizia, vidukari wakizidi naweka vitatu." Kapiga Alhamisi, mimi nimebeba Jumamosi. "Dada si wewe ulitaka majani yasiyo na matundu?" Nikanyamaza.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliza dawa imepigwa lini, tena uandike kwenye daftari. Kuosha kunatoa ya juu juu tu, zile zinazoingia ndani ya mmea kama imidaklopridi chumvi yako haiziwezi. Kubabua, yaani kuchovya majani kwenye maji ya moto kidogo, halafu ukamwaga yale maji kunapunguza kiasi. Ila kilichonimaliza ni kukausha kwenyewe: mchicha kilo 10 unabaki kama kilo 1, maji yameondoka, dawa ambayo haijavunjika imejazana humo humo, na nyanya ya kusaga ukiichemsha ikawa nzito ni hivyo hivyo. Wenzetu Ulaya dawa isiyopangiwa kiwango chake wanaruhusu miligramu 0.01 tu kwa kilo.

(Halafu ule ungaunga mweupe kwenye nyanya mnaouogopa pale sokoni Ilala, mara nyingi ni dawa ya ukungu. Ya wadudu huioni.)

Wajasiriamali wenzangu tunapenda lebo kuliko shamba, tunadanganya wateja na watoto wetu wanakula hiyo hiyo, uliza tarehe ya dawa, nasema tena uliza! Mimi lebo zangu za kijani zimebaki bunda zima, mwanangu anachorea magari upande wa nyuma.