Jibu: Vifuniko vya alumini vya pedali kwenye Subaru WRX vinacheza

Habari ndugu. Kumbe kifuniko cha alumini cha pedali ya breki kinacheza, kiatu kinateleza mvua ikinyesha, na unataka kuinua pedali ya mafuta ili kisigino kiifikie vidole vikiwa kwenye breki.

Kwanza chungulia kwa chini: kifuniko kimeshikwa na vibanio au bolti zimepita kwenye chuma cha pedali? Vya vibanio mimi navitoa, hasa kwenye breki. Vua raba ya kiwandani, toboa pedali, funga kifuniko kwa nati zenye plastiki ndani zisilegee. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mafuta hadi mwisho. Isinase kwenye kapeti.

Kuinua, subiri. Gari likiwa limesimama, washa injini, kanyaga breki kwa nguvu, maana pedali hiyo hushuka, ndipo upime tofauti ya kimo kati yake na ya mafuta. Mara nyingi hutahitaji kuinua chochote. Kwenye gari la gia otomatiki sijawahi kufunga vifuniko hivi.