Shangazi, Matangazo ya Kupinga Sigara Yanatutakia Nini?

Shangazi, sigara inaua. Mbona tangazo linahangaika na ngozi na meno ya msichana?
Kwa sababu ukimtajia binti wa miaka 18 saratani ya uzeeni, atakuitikia huku anatafuta kiberiti. Mwaka 2014 kampeni ya Marekani iitwayo The Real Cost ilimwonyesha msichana dukani, ananunua sigara. Pesa haitoshi. Anashika shavu, anabandua kipande cha ngozi na kukiweka juu ya kaunta. Muuzaji anapokea, basi. Hakuna daktari, hakuna mahubiri.

Kaka yangu anasema kampuni za sigara hazijawahi kuwalenga wanawake.
Mwambie kaka asome. Mwaka 1929, Edward Bernays, fundi wa propaganda aliyelipwa na kampuni ya sigara, alipanga wasichana wavute hadharani kwenye gwaride la Pasaka jijini New York, sigara zikapewa jina la mienge ya uhuru. Mwaka 1968 ikaja Virginia Slims, sigara nyembamba ya kike, ikijinadi kwa lugha ya ukombozi huohuo. Wembamba na uhuru ndani ya pakiti moja! Ndiyo maana tangazo zuri halimgombezi msichana. Linamwonyesha nani anamchezea. Kijana hapendi kufundishwa, lakini kuchezewa anachukia zaidi.

Mimi navuta. Matangazo ya kutisha nayaruka. Yana faida kweli?
Unayaruka kwa sababu yanakutisha na kukuacha hapohapo. Kitisho bila mlango wa kutokea humfanya mtu afumbe macho, au awashe nyingine. Tangazo la maana huweka na namba ya kupiga ili usaidiwe kuacha.
Kuna moja la mwaka 2012 ambalo sikuweza kuliruka. Terrie Hall, aliyeugua saratani kwa ajili ya sigara, anatuonyesha anavyojiandaa asubuhi: anavaa meno ya bandia, kisha wigi, kisha anafunga skafu kuficha tundu la kooni. Ni kama zile video za kujipodoa tunazotazama kila siku, ila sauti inakwaruza. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 53.

Mdogo wangu wa kike ameanza kuvuta. Nimtumie picha za mapafu meusi?
Hapana. Mtumie hilo la Terrie, mara moja, bila neno lolote chini yake. Akikupigia, acha aanze yeye.